Linashika, Kisha Linazimika: Mpaka Uliowafunza Mafundi wa Gisenyi

Gari linalokataa kabisa kushika halimsumbui sana fundi. Ama betri imekufa, ama moto haufiki kwenye plagi, ama mafuta hayafiki kwenye injini. Pa kuanzia panaonekana. Gumu ni lile linaloshika kwa ufunguo wa kwanza, likanguruma vizuri kwa sekunde tatu au dakika tatu, kisha likazimika kama msemaji aliyekatwa kauli. Gari hilo limeshathibitisha kwamba lina moto, lina mafuta na lina hewa, na papo hapo limeukana ushahidi wake lenyewe. Fundi analazimika kuchagua nani wa kushukiwa kwanza, maana hawezi kufungua kila kitu, na mteja amesimama pembeni anatazama saa. Uchaguzi huo una historia, na historia hiyo inasomeka vizuri Gisenyi, mji wa Rwanda ulio ukingoni mwa Ziwa Kivu, makao ya wilaya ya Rubavu iliyoundwa katika mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Ninachoshikilia ni kwamba mpangilio wa tuhuma katika gereji za mji kama huu haukutoka viwandani wala kwenye vitabu vinavyowekwa ndani ya dashibodi. Ulitokana na mahali: mwinuko wa ardhi, mpaka uliolala ubavuni mwa Goma, mji wa Kongo, mafuta yanayosafiri ndani ya vidumu, na sheria inayomtaka dereva apite upande wa kulia wa barabara.

Ushahidi wa kwanza umo vinywani mwa watu. Ufundi wa gereji hufundishwa kwa mkono na kwa mdomo, lakini kila kipuri kina jina, na jina lina kwao. Rwanda petroli ni lisansi, dizeli ni mazutu, breki ni feri, dereva ni shoferi. Maneno yote hayo yametokea Kifaransa. Hayakufika kwa bahati. Wajerumani waliokuwa na kituo chao hapo, wakiuandika mji Kissenji, waliondolewa na Wabelgiji mwaka 1916, na sheria ya Agosti 1925 ikaiunganisha Ruanda-Urundi kiutawala na Kongo ya Kibelgiji. Kwa miaka kama thelathini na mitano, hadi uhuru wa Kongo wa tarehe 30 Juni 1960, Gisenyi na Goma vilikuwa chini ya bendera moja. Kiswahili, ambacho Wajerumani walikitumia katika utawala na jeshi, hakikuondoka pamoja nao. Kilibaki lugha ya wafanyabiashara, ya madereva wa safari ndefu na ya mitaa kama Majengo, ambao jina lake halihitaji kufasiriwa. Basi ikawa kawaida katika ukanda huu mtu kuomba bisibisi kwa Kiswahili, kutaja kipuri kwa Kifaransa na kumlaumu aliyekipoteza kwa Kinyarwanda.

Mchanganyiko huo unaathiri hata namna ya kutambua ugonjwa wa gari, na mfano mmoja unatosha. Kwa fundi wa Arusha au Kisumu, stata ni mota inayozungusha injini. Kwa Kifaransa, neno hilohilo, starter, ni choki, yaani kile kizibo cha kabureta kinachopunguza hewa ili injini baridi ipate mafuta mengi. Mota ya kuwashia wao huiita démarreur. Sasa mtu alete gari linaloshika na kuzimika, aseme stata ni mbovu. Kwa sikio lililofunzwa Kampala, huo ni upuuzi: gari likishashika, stata imemaliza kazi yake na haina hatia. Kwa sikio lililofunzwa Bukavu, hayo ni maelezo kamili ya ugonjwa, kwa sababu choki isiyofunga vizuri huiacha injini baridi ishike kisha ife kwa njaa. Utaniambia huo ni mchezo wa maneno tu. Sivyo, kwa sababu neno ndilo linaloamua mkono uende wapi kwanza, na mkono ukienda kwenye mota badala ya kabureta, asubuhi nzima imepotea.

Neno jingine linaturudisha nyuma zaidi. Msaidizi wa lori, ambaye Tanzania humwita utingo na Rwanda humwita kigingi, Kenya anaitwa tanboi, na jina hilo la Kiingereza lilizaliwa kazini: kijana wa kuzungusha. Alichozungusha ni mkono wa chuma uliochomekwa mbele ya injini. Charles Kettering, Mmarekani, ndiye aliyetengeneza mota ya umeme ya kuwashia injini, na Cadillac ikaitia katika magari yake ya mwaka 1912. Lakini malori ya makoloni yaliendelea kubeba ule mkono wa chuma kwa miaka mingi baadaye. Kampuni ya Kettering iliitwa kwa kifupi Delco, na hadi leo fundi aliyefunzwa kwa Kifaransa akitaja delko anamaanisha kigawa-moto, kile kikombe chenye nyaya nne au sita zinazokwenda kwenye plagi. Katika zama za mkono wa chuma, kuzimika kwa gari kulikuwa na gharama ya mwili: injini ikirusha moto kinyume, mkono ulirudi nyuma kwa nguvu ya kuvunja kiganja. Ndiyo maana lori lilipendelewa kuegeshwa mtelemkoni, na injini ikishashika haikuzimwa bila sababu. Mazoea ya kuegesha mtelemkoni yamedumu kuliko ule mkono wa chuma, na katika nchi ya vilima hayahitaji kutetewa.

Sasa tupande mlima. Uso wa Ziwa Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na barabara inayotoka Kigali, kilomita zaidi ya 150 kupitia Ruhengeri, ambayo sasa ni Musanze, hupita mita 2,000 katika miinuko ya Nyabihu kabla ya kuteremkia ziwani. Mgandamizo wa hewa kando ya Kivu ni kama asilimia 85 ya ule wa Mombasa au Antwerp. Kabureta haina akili ya kulijua hilo. Hupima mafuta kwa kasi ya hewa inayopita kooni mwake, wala haijali uzito wa hewa hiyo; kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa bandarini ikifika Gisenyi humwaga lisansi kupita kiasi. Injini inashika, inatoa moshi mweusi, plagi zinalowa masizi, inazimika. Dawa yake ni ya kubana mafuta, si ya kuongeza, na fundi anayeisoma plagi anaijua: nyeusi iliyolowa maana yake shibe, nyeupe iliyokauka maana yake njaa. Tena mwinuko una hila ya pili. Lisansi huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda. Gari lililopanda Nyabihu na abiria, likasimama dakika kumi, likawashwa tena, hushika kwa mafuta yaliyobaki ndani ya kabureta, kisha hufa, kwa kuwa ndani ya bomba mna mvuke na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Kitambaa kilicholoweshwa maji na kuwekwa juu ya pampu, dawa ambayo madereva wa zamani wa Afrika Mashariki wanaijua na vijana wanaicheka, kina fizikia kamili ndani yake.

Hapa msomaji wa Nairobi atapinga, na ana haki. Nairobi nayo iko juu, karibu mita 1,700, na mafundi wake walikutana na kabureta hizohizo. Kama mwinuko ndio mwalimu, Gisenyi ina upekee gani? Nakubali kwamba mwinuko peke yake hautoshi. Lakini Nairobi ilikuwa na mawakala wa viwanda, maduka ya vipuri vya aina moja na reli iliyoleta mafuta kutoka bandarini. Gisenyi ilikuwa mwisho wa barabara ya nchi mbili kwa wakati mmoja: zaidi ya kilomita 1,400 kutoka Dar es Salaam, mbali zaidi kutoka Mombasa, na upande wa pili kuna Kongo ambayo barabara zake za kwenda bahari ya magharibi ni hadithi ndefu. Kilichofika hapo kilikuwa kimepita mikono mingi, na lisansi ilipita mikono mingi kuliko vyote.

Bei ya mafuta haijawahi kulingana pande mbili za mpaka kwa muda mrefu, na pale bei inapotofautiana, vidumu hutembea. Petite Barrière, kivuko kidogo kati ya Gisenyi na Goma, ni miongoni mwa mipaka inayovukwa na watembea kwa miguu wengi zaidi barani Afrika. Bidhaa ya kubebeka begani hapo haikosi njia. Lisansi iliyokaa ndani ya kidumu hupoteza ile sehemu yake nyepesi ambayo ndiyo ya kwanza kushika moto. Kidumu kilichojaa nusu hupokea unyevu wa usiku wa baridi. Maji, yakiwa mazito kuliko lisansi, hutulia chini ya tenki, palepale pampu inapovuta. Hapo ndipo dalili yetu inapoeleweka kikamilifu: bakuli la kabureta lina mafuta mazuri ya jana, yanatosha kushika na kunguruma kidogo, yakiisha, kinachofuata ni kile kilichomiminwa leo. Fundi anayeanza kwa kufungua bomba la mafuta, akakinga kwenye chupa ya kioo na kuitazama mwangani, hapigi ramli. Anatafuta mstari kati ya maji na lisansi, na ukionekana, kesi imekwisha bila kugusa waya hata mmoja.

Mazoea haya yalikazwa na nyakati za msiba. Julai 1994, mwishoni mwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, umati unaokadiriwa kufikia watu milioni moja ulivuka kwenda Goma kwa siku chache, na serikali iliyoshindwa ikaondoka na magari ya dola. Tarehe 17 Januari 2002 mkondo ukageuka: volkano ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikakata katikati ya Goma, na malaki ya watu wakakimbilia upande wa Gisenyi. Siku chache baadaye kituo cha mafuta kililipuka Goma na kuua makumi ya watu waliokuwa wakichota. Taarifa hiyo inatosha kuonyesha lisansi ilikuwa imefikia thamani gani, na ilikuwa inapatikana kwa njia gani. Ongeza vumbi jeusi la volkano, ambalo huziba chujio la hewa upesi kuliko udongo mwekundu wa Bugesera, na unayo picha ya mji ambamo kushuku mafuta kwanza na hewa pili lilikuwa jambo la busara.

Pingamizi la pili ni kali zaidi: kwamba yote haya ni kumpamba fundi asiye na vifaa, na kwamba wimbo wa lisansi mbovu ndio kichaka chake cha kujifichia anaposhindwa. Wapo wanaojificha humo, sikatai. Kubadilisha vipuri kimoja baada ya kingine hadi gari lipone, kwa fedha ya mteja, ni ugonjwa wa gereji nyingi kutoka Bujumbura hadi Mombasa. Lakini tuhuma yenyewe haikuwa ya kubuni. Tanzania, ambako mafuta mengi ya Rwanda hupitia, iliingiza utaratibu wa kutia vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa wachakachuaji, na Julai 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kwa kiasi kikubwa, kwa sababu yalikuwa yakichanganywa na dizeli na petroli. Serikali haivurugi bei ya taa za wananchi wake maskini kwa ajili ya uvumi wa mafundi. Alichokijua fundi kwa pua yake, dola ilikuja kukijua kwa maabara.

Mpaka hapa nimemtetea fundi. Sasa niseme ni wapi mazoea yake yalimsaliti, maana hoja yangu inasimama au kuanguka hapo. Baada ya 1994 walirudi Wanyarwanda waliokuwa wameishi uhamishoni, wengi kutoka Uganda na wengine Tanzania, Burundi na Zaire. Pamoja nao yaliingia magari ya usukani wa kulia na maneno ya Kiingereza: klachi, giaboksi, plagi. Rwanda iliendelea kuendesha upande wa kulia kama Wabelgiji walivyoacha, na katikati ya miaka ya 2000 serikali ikafunga mlango kwa magari ya usukani wa kulia, ingawa baadaye ililegeza kwa malori makubwa. Matokeo yake hayazungumzwi sana. Nchi tatu za Afrika Mashariki, Kenya, Uganda na Tanzania, zilijaza barabara zao magari yaliyotumika Japani; Mnyarwanda akalazimika kutafuta usukani wa kushoto, na usukani wa kushoto uliotumika unapatikana Ulaya, Dubai na Korea Kusini. Bandari ya Antwerp, inayojulikana sana katika biashara ya magari ya mitumba kwa Afrika, ikawa jirani wa gereji za Gisenyi kuliko Yokohama.

Na magari ya Ulaya yalikuja na siri. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1995 iliagiza magari mapya ya abiria yauzwe na kizuia-wizi cha kielektroniki, imobilaiza, kuanzia Oktoba 1998. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu ndogo isiyo na betri. Kompyuta ya gari isipoitambua, inakata mafuta au moto. Magari mengi ya soko la ndani la Japani ya miaka hiyo yalitoka bila kifaa hicho, kwa hiyo fundi wa Dar es Salaam aliweza kuzeeka bila kukutana nacho mara nyingi. Wa Gisenyi hakuwa na bahati hiyo. Na tazama jinsi kinavyojionyesha: katika magari mengi ya Volkswagen na ndugu zake Audi, Seat na Skoda ya enzi hizo, injini inashika vizuri, inanguruma sekunde moja au mbili, kisha inazimika. Ukiwasha tena, hivyo hivyo. Ni dalili ileile ya maji ndani ya tenki, ya choki iliyokwama, ya bomba lenye mvuke. Ni dalili ileile pia ya kosa la zamani ambalo wazee wa delko walilijua: rezista ya koili iliyokatika, ambayo huliacha gari lishike wakati ufunguo umeshikiliwa na kulizima mara tu unapouachia. Mtu aliyefunzwa na miaka 40 ya vidumu atafungua bomba la mafuta, atasafisha tenki, atabadilisha pampu. Hatakosea kwa uzembe. Atakosea kwa sababu mahali palimfundisha vizuri mno, na tatizo limebadilisha kwao.

Atasema mwingine kwamba mjadala umekwisha, kwani siku hizi kuna mashine ya kupimia: unachomeka chini ya usukani, inakutajia kosa. Ni kweli kwamba magari mapya ya petroli ya Ulaya yalilazimika kuwa na tundu hilo tangu mwaka 2001, ya Marekani tangu 1996, na mashine za bei nafuu zimeenea. Lakini mashine inataja dalili kwa namba. Namba P0171 inasema mchanganyiko ni mwembamba, hewa imezidi mafuta. Haisemi kama ni pampu iliyochoka, chujio lililoziba, mpira wa hewa uliopasuka au lisansi iliyotiwa maji. Hayo yanabaki kuwa kazi ya mtu. Magari ya miaka ya 1980 na 1990 yenye mfumo wa Bosch L-Jetronic, na Toyota zilizofuata mpango huo, yanatoa funzo zuri zaidi. Wakati wa kuwasha, pampu ya mafuta hupewa umeme na swichi ya ufunguo. Baada ya hapo huendelea tu ikiwa kibao cha kupimia hewa kimesukumwa na hewa inayopita. Mpira ulio baada ya kibao hicho ukipasuka, hewa inaingilia hapo, kibao hakisogei, pampu inakatika na gari linazimika. Fundi akisema mafuta hayafiki, amesema kweli tupu, na bado hajagusa ugonjwa. Wala mashine haiwezi kumsaidia, kwa kuwa mengi ya magari hayo hayana tundu la kuichomeka.

Kwa hiyo sioni kwamba kompyuta imefuta elimu ya mpakani. Imeiongezea swali moja mbele. Fundi wa zamani aliuliza umetia mafuta wapi. Wa sasa anapaswa kuuliza kwanza gari limetoka wapi, na ufunguo huu ni wake wa asili au ni wa kuchongwa, kwa sababu ufunguo wa kuchongwa bila chipu hufungua mlango, huzungusha stata, huwasha injini, na haulivushi gari sekunde ya pili. Wewe unayenunua gari la usukani wa kushoto lililoteremshwa kutoka Ulaya, dai funguo zote mbili kabla ya kutoa fedha, washa kwa kila mmoja, na uliache lingurume kwa dakika kumi ukiwa umesimama hapohapo.